Tukibaki na Mkono Mmoja

Watu wakisikia nimestaafu wanacheka. Wanatazama kichwa changu hawaoni mvi, wanatazama mkononi hawaoni mkongojo. Mama yangu mwenyewe, pale Buhongwa, aliniambia, "Masanja, kustaafu ni kwa wazee. Wewe umeacha kazi. Sema umeacha." Mama, nimekusikia. Lakini mtu aliyeacha kazi anaweza kurudi, na mimi sirudi. Kwa hiyo nimestaafu, na kama wastaafu wote nina maneno mengi na muda wa kuyasema. Ninawaandikia ninyi wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuhudumia abiria angani. Kuna mambo niliyofundishwa ambayo sitaki yafe. Na kuna hasira. Nimejaribu kuipunguza kwa kusali, kwa kuogelea na kwa kula, haikupungua, ila mimi nimenenepa. Mtaikuta humu.

Vyeo nilivyopanda sitavieleza kwa sababu havikuwa vingi. Mshahara ni siri yangu na mwenye nyumba wangu.

Nilianza chini kabisa, yaani chini ya ndege. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo mwalimu wangu aliyaita "ya kujaribu". Lakini ndege nilizipenda tangu nikichunga. Nilikuwa napanda juu ya jiwe kubwa, nalala chali, ikipita nasimama napunga mkono. Niliamini kabisa rubani ananiona. Leo najua haoni kitu, ana kazi zake, lakini bado napunga. Mtu hawezi kuacha kila kitu kwa mpigo.

Basi siku ya kwanza kazini, uwanjani kule Ilemela, nilipewa magunia ya dagaa nipakie. Nikayasukuma yote nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kulikuwa na nafasi. Akaja rubani mmoja mfupi, mzee kidogo, chupa ya chai kwapani. Akachungulia shehena. Akanitazama.

"Dogo, umewahi kuendesha mkokoteni wa ng'ombe?"

"Ndiyo mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mzigo wote ukiuweka nyuma, inakuwaje?"

"Ng'ombe wananing'inia."

"Basi leo ng'ombe wako ni mimi. Usinining'inize."

Nikayatoa magunia yote, nikapanga upya, shati likaloa, nikanuka dagaa mpaka Jumapili kanisani. Huyo ndiye Kapteni Bwire. Mjita wa upande wa Musoma, mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyachagua kama mtu anayechagua samaki: anafunua mashavu kwanza. Sikuwahi kukosea mzigo tena. Na sikuwahi kumsahau.

Baadaye nikahamishiwa ndani ya ndege, kuhudumia abiria. Wajomba zangu walicheka mpaka wakashika miti. "Mwanaume mzima, Msukuma, anagawa soda hewani!" Acha wacheke. Aliyenifundisha ni Mama Salome, mkuu wetu wa wahudumu, mama wa shepu na sauti, ambaye naye sasa yuko kwake anafuga kuku. Kanuni yake ilikuwa moja: "Abiria hasomi injini. Anasoma uso wako." Alinisimamisha mbele ya kioo nikasema, "Ndugu abiria, tunapita kwenye mawingu, tafadhali fungeni mikanda," huku yeye ananifinya ubavuni. Nikikunja uso, tunaanza upya. Nilifinywa mpaka nikawa na uso wa mtakatifu wa kwenye kalenda.

Alinifundisha pia kile kiti chetu cha kukunja, pale karibu na mlango wa nyuma. Ndege ikiruka au ikitua, usikae pale unawaza chakula. Kalia viganja vyako, halafu pitisha kichwani: mlango uko wapi, mpini unageuzwa vipi, nani ana mtoto, nani ana nguvu za kunisaidia, nani atapiga kelele kwanza. Kila safari. Hata ile ya mara ya elfu. Mama Salome aliita hiyo "sala ya mikono", na alikuwa mlokole, kwa hiyo alijua sala ni nini.

Lakini la Kapteni Bwire ndilo ninalotaka mlikamate kwa meno. Ndege yetu ilikuwa na injini mbili za propela, moja kila bawa. Kabla ya kila safari, chini ya ngazi, alituita wote: rubani msaidizi na sisi wahudumu wawili. Anafungua chupa, anamimina chai kwenye kifuniko, anakunywa kidogo, halafu anamnyooshea mtu kidole:

"Leo tukibaki na mkono mmoja, tunanawia wapi?"

Mkono ni injini. Yaani injini moja ikizima, leo, kwa hali ya hewa ya leo na mzigo wa leo, tunakwenda kutua wapi? Ulitakiwa utaje uwanja na useme sababu. Ukijibu "inategemea", anakunywa chai yote, anarudisha kifuniko, anakungoja. Wahudumu wa marubani wengine walitucheka, kwa kuwa hilo ni swali la marubani, sisi wa soda linatuhusu nini? Nilimwuliza siku moja. Akasema, "Ninyi ndio mko na watu. Mnawezaje kuwatuliza watu kama hamjui wanakopelekwa?" Halafu akaongeza hili, na naomba mlisome mara mbili: "Uamuzi unafanywa miguu ikiwa kwenye saruji. Juu kule hatuamui. Juu kule tunakumbuka."

Sasa siku yenyewe.

Tulikuwa tunakwenda Bukoba. Nyuma, kwenye chumba cha mizigo, tulikuwa na jeneza. Marehemu aliitwa Deo, mwalimu, amefia Mwanza, anarudishwa kwao Kamachumu kuzikwa mchana huohuo. Ndugu zake walijaza safu za nyuma, wanawake wamefunga kanga viunoni. Aliyewaongoza ni shangazi wa marehemu, Ma Paskazia, bibi mwembamba, mnyoofu kama mwiko, miaka themanini hivi. Alipoingia hakuniuliza kiti chake. Aliniuliza, "Deo yuko upande gani?"

Nikamwonyesha ukuta wa nyuma. "Yuko hapo, bibi, nyuma ya huo ukuta."

Akakaa safu ya mwisho kabisa, karibu na kiti changu cha kukunja, akaegemeza kiganja kwenye ukuta ule. Nikaenda kujifanya napanga vikombe. Mimi machozi yangu yako karibu, hata Mama Salome alishindwa kuyafinya.

Lakini kabla ya hapo, chini ya ngazi, chai ilikuwa imekwisha kumiminwa. Kidole kilikwenda kwa Kelvin, rubani msaidizi. Kelvin ni rika langu. Tumekula naye sangara sahani moja, ametania mama yangu, nimemtania baba yake. Kapteni akauliza swali lake, na Kelvin akajibu hapohapo, kifua mbele:

"Chato, Kapteni. Bukoba uwanja mfupi na mvua imeanza kushuka. Mwanza hapa wingu linafunga nyuma yetu. Chato kuna uwanja mrefu na anga nyeupe."

"Na marehemu?"

"Marehemu naye Chato, Kapteni."

Tukacheka chinichini, kwa sababu wafiwa walikuwa karibu. Kapteni akafunga chupa yake. Nayaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, na Kelvin, kama unasoma, unajua sijaongeza chumvi.

Tulikuwa juu ya maji, nimeshagawa soda nusu ya ndege. Haikuwa mlipuko kama kwenye sinema. Ilikuwa kama mtu wa ghorofa ya juu ameburuta kabati. Halafu ndege ikatikisika, ikavuta kushoto kama ng'ombe aliyefungwa kamba upande mmoja, kisha ikanyooshwa. Harufu ya mafuta ya moto ikaingia. Nikachungulia dirishani: mafuta meusi yanatiririka kwenye kifuniko cha injini, na propela inapunguza mwendo, inapunguza, mpaka nikaweza kuyaona mapanga yake, yamegeuzwa makali mbele, yamesimama kabisa. Mjue, propela ikisimama hivyo imesimamishwa na rubani. Kwa hiyo ukiiona imetulia, shukuru, kule mbele kuna mtu anafanya kazi.

Mama mmoja mfanyabiashara wa samaki akanivuta shati. "Mwanangu, umeme wa upande huu umekatika?"

"Umekatika mama. Wa kule upo."

"Basi afadhali, si mgao wa wote."

Simu yetu ya ndani ikalia. Sauti ya Kapteni ilikuwa ileile ya kuagiza sukari. "Masanja. Injini ya kushoto tumeizima. Tunanawa Chato. Robo saa. Vikombe vyote viondoke, mikanda ikazwe, na tutatua kawaida isipokuwa niseme vingine." Basi. Tatizo, tunakokwenda, muda, na la kufanya. Nilikuwa nalijua jibu kabla simu haijalia, na kwa sababu mimi nilijua, uso wangu nao ulijua. Nikatangaza, nikapita safu kwa safu, nikakaza mikanda, nikambeba mtoto mmoja nikampa mama yake, nikahamisha kijana mwenye mabega karibu na mlango.

Mpwa wa marehemu, kijana wa suti anayeitwa Audax, alikuwa wa kwanza kupandisha sauti. "Chato ya nini? Bukoba si hapo tu mbele? Injini moja si inazunguka?"

"Inazunguka, kaka. Funga mkanda."

"Watu wanatungoja na kaburi wazi!"

"Ndiyo maana hatutaki waongeze mengine, kaka. Funga mkanda."

Akafunga. Niliporudi kwenye kiti changu, Ma Paskazia akanishika kiwiko. Hakuwa na hofu hata kidogo. "Kijana. Deo anajua?"

"Anajua nini, bibi?"

"Kwamba tunapinda njia."

Kwenye mafunzo yote niliyopewa, hakuna ukurasa wa swali hilo. Nikamwambia, "Nitamfikishia Kapteni." Akaachia kiwiko. Nikakalia viganja vyangu nikapitisha sala yangu ya mikono, mlango, mpini, mtoto, mabega, mpaka magurudumu yakagusa Chato, polepole, kama mtu anayeweka yai mezani. Magari ya zimamoto yakatufuata hadi tuliposimama. Hakuna aliyepata hata mkwaruzo.

Watu walipiga makofi, walilia, waliimba pambio. Yule mama wa samaki alinibusu shavuni. Halafu wakashuka, wakakanyaga lami, na walipohakikisha lami haiondoki, shukrani ikaisha. Naapa, haikuchukua muda wa kuchemsha chai. "Nina kikao Bukoba!" "Tutafikaje?" "Rubani gani huyu mwoga?" "Ile injini nyingine ilikuwa nzima, tumeiona!" Ndiyo, mliiona. Na wewe ukibakiwa na figo moja utakwenda kubeba zege? Nilitaka kuwajibu hivyo. Nikawapa maji na tabasamu la kalenda. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo hawawaambii mnapoajiriwa: ukimwokoa mtu na jambo ambalo halikutokea, yeye anaona umemchelewesha tu.

Basi lilipatikana kwa wafiwa, na gari la kubeba jeneza. Vijana wakaanza kulishusha. Ma Paskazia akasimama mbele yao. "Hatoki mtu hapa."

Audax akasema, "Bibi, muda."

"Nyamaza. Maiti wa ukoo huu hapindishwi njia kimyakimya. Akipindishwa bila kuambiwa anabaki palepale alipopindishwa, mnakwenda kuzika mbao. Na haambiwi na yeyote tu. Aliyepinda njia ndiye amwambie."

Kelvin akajaribu. "Mama, Kapteni ana taratibu zake, kuna ripoti..."

Kapteni Bwire alikuwa amekwisha kuweka chupa ya chai chini. Akavua kofia. "Shikamoo, mama. Jina lake kamili?"

"Deogratias. Mwite Deo, ataitika."

Akasogea mpaka kwenye jeneza, akaweka kiganja juu yake. Alisema hivi, nilikuwa karibu nasikia kila neno: "Deo. Mimi naitwa Bwire. Mimi ndiye niliyepinda njia. Uliahidiwa Bukoba, nimekuleta Chato. Usinikasirikie, nilikuwa na ndugu zako humo ndani, na wao bado wana safari ndefu. Nisamehe. Utafika kwenu leo."

Ma Paskazia akainama. "Umesikia?" Akangoja. Na sisi sote tukangoja, zimamoto, wapakiaji, wenye vikao. Upepo tu. Halafu akanyoosha mgongo. "Amesikia. Mchukueni."

Walizika kungali na jua. Audax mwenyewe alinitumia ujumbe. Kumbe kutoka Chato kwenda Kamachumu kwa barabara si mwisho wa dunia. Kwa hiyo Deo aliwahi mazishi yake, na kila aliyetaka kumlilia alikuwa hai kumlilia. Mambo yangeishia hapo ningekuwa bado kazini.

Audax alikuwa amechukua video ya Kapteni akiongea na jeneza. Siku hizi msiba bila simu hewani hauhesabiki. Aliituma kwenye kundi la ukoo, kwa moyo safi kabisa, na kwenye kundi la ukoo ikatoka kama maji yanavyotoka kwenye kapu. Ilipotufikia Mwanza ilikuwa imekatwa, imebaki "Mimi ndiye niliyepinda njia... usinikasirikie... nisamehe," na juu yake mtu ameandika: RUBANI AKIRI KOSA MBELE YA MAITI.

Meneja wetu, nitamwita Meneja kwa sababu alipenda kuitwa hivyo hata na mkewe, akaitisha kikao. Habari ilikuwa imeshasambaa kwamba Kapteni atasimamishwa, kwamba alitaharuki, kwamba ni mzee, amechoka, angeendelea tu hadi Bukoba kama wanaume. Wanaume! Waliosema hivyo wengine hawajawahi kuvuka hata kwa kivuko bila kushika chuma.

Siku ya kikao, nafika mapokezi, namkuta nani? Ma Paskazia. Amekaa wima kwenye sofa, mkungu wa ndizi miguuni, Audax pembeni ametazama chini kama mtoto aliyevunja chungu. Walikuwa wamesafiri tangu jana yake. Meneja alipopita, bibi akainuka.

"Wewe ndiye mkubwa wa hapa?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo. Karibu, ila nina kikao."

"Nimeambiwa unamfukuza yule aliyetupindisha, kwa maneno aliyosema Chato."

"Bibi, haya ni mambo ya kampuni. Yule alikiri kosa. Mtu asiye na kosa haombi msamaha."

"Yale maneno aliambiwa Deo." Akamtazama juu mpaka chini. "Wewe ni Deo?"

Dada wa mapokezi akadondosha kalamu. Meneja akacheka kile kicheko cha kutafuta mlango, akaingia ndani, mlango ukafungwa. Ma Paskazia akaketi tena. "Nitangoja," akasema. Hakuna aliyethubutu kumwambia asingoje.

Mtu asiye na kosa haombi msamaha! Wadogo zangu, hii sentensi ndiyo hainipi usingizi. Sisi ambao mtu akijikwaa kwenye jiwe ambalo Mungu aliliweka Mwanza kabla ya Adamu, tunamwambia pole! Je, tumekiri kuwa jiwe ni letu? Tunaingia msibani tunasema poleni, ina maana tumeua? Meneja amelelewa hapahapa, kwa maneno hayahaya. Alijua vizuri kabisa yule mzee alikuwa anafanya nini pale. Lakini sauti za abiria zilikuwa nyingi, na alihitaji mtu wa kuzirushia.

Ndani tulikuwa wanne: Meneja, Kapteni, Kelvin na mimi. Meneja akaanza. "Kapteni, ndege imewekewa injini mbili ili moja ikizima uendelee na safari."

"Zimewekwa mbili ili ufike chini," Kapteni akajibu. "Chini palipo salama."

"Ulitaharuki. Hukufikiri. Ulikimbilia uwanja wa kwanza uliokujia kichwani."

Hapo ndipo nikanyoosha mkono kama darasani. Nikasema, "Meneja, hakukimbilia. Chato ilitajwa chini ya ngazi, hapa Mwanza, kabla hatujawasha chochote. Kapteni aliuliza, Kelvin akajibu. Kelvin mwenyewe ndiye aliyesema Chato, na sababu akazitoa."

Meneja akageuka. "Kelvin?"

Nilimtazama rafiki yangu. Nilikuwa na furaha, nawaambia ukweli, kwa sababu nilidhani limekwisha. Neno moja tu, ndiyo, twende tukale sangara. Kelvin alikuwa anasubiri kupandishwa kuwa kapteni, karatasi zake ziko kwa Meneja. Akasugua kidole kwenye meza kana kwamba kuna doa.

"Ilikuwa... ni mazungumzo tu ya kawaida, bosi. Yale ya utani wa chai. Siwezi kusema ulikuwa uamuzi."

Utani wa chai.

Kapteni Bwire hakumgeukia hata kidogo. Nilimgeukia mimi, kwa wote wawili.

Meneja akalainika, kama watu wanavyolainika wakishashinda. "Mzee wangu, hakuna anayetaka kukuumiza. Sema tu uliharakisha. Tunatoa maelezo kwa abiria, tunakupa onyo, unaendelea kuruka. Neno moja. Umeomba msamaha kwa maiti, utashindwa kwa walio hai?"

Na hapo nikajua mzee alikuwa na njia ya kubaki. Alikuwa amebakiza muda mfupi wa kazi. Aliipenda. Aliwahi kuniambia kwamba juu ya ziwa asubuhi, wale wadudu wadogo wa ziwani wakipanda kwa mawingu kutoka majini, kama moshi wa visiwa vinavyopika chai, yeye hujisikia kijana. Neno moja tu na angeendelea kuuona moshi ule.

Akafikiri. Alifunua mashavu ya kila neno. Halafu akasema, "Nikisema niliharakisha, siku nyingine kijana atachelewa. Atakumbuka onyo langu, ataangalia ile injini inayozunguka, atasema ngoja kwanza nifike Bukoba." Akasimama. "Deo nilimwomba radhi kwa kumpindisha. Kwa kuwafikisha watu wakiwa wazima, simwombi mtu."

Akaweka kitambulisho mezani. Mimi sikuwa nimepanga lolote, mimi si mtu wa kupanga, lakini nikaona mkono wangu unafungua kile kibati cha jina kifuani. Kilining'ang'ania kidogo, kikatoboa shati. Nikakiweka pembeni ya kitambulisho cha mzee. Mapokezi tulimkuta Ma Paskazia bado kakaa wima. Alitutazama nyuso. Alimwambia Audax abebe ule mkungu wa ndizi, akampa Kapteni, kwa mikono miwili.

Basi ndivyo nilivyostaafu. Mzee yuko kwao Musoma, analima viazi. Mimi nimehamia ng'ambo, Kamanga, nina kibanda cha chai karibu na kivuko. Ninaota kuwa nacho kikubwa siku moja, chenye ghorofa, watu wanywe chai wakitazama ndege. Nitakijenga, mtaona.

Juzi alikuja kijana mmoja mhudumu, mpya kabisa, sare bado ina mikunjo ya dukani. Akaniambia kampuni inaendelea vizuri. Kelvin sasa ni kapteni. Nikauliza, chini ya ngazi, kabla ya kuruka, anawauliza nini? Akashangaa. "Hatuulizwi kitu, kaka Masanja. Tunapanda tu."

Niliendelea kummiminia chai mpaka ikamwagika mezani. Sikumlipisha.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi. Mkiwa chini ya ngazi, miguu bado iko kwenye saruji, na mbele yenu kasimama Kapteni Kelvin, msipande. Muulizeni, kwa sauti, wapakiaji wasikie, abiria wasikie: leo tukibaki na mkono mmoja, tunanawia wapi? Akiwaambia ni utani wa chai, ngojeni. Jibu analijua. Alilitoa yeye.